Mwaka wa Sita Chuoni, na Udaktari Haujaanza

BARUA KWA BI DAKTARI

Bi Daktari, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Langoni, Lamu. Nina miaka 26 na ninaishi Columbus, Ohio. Nilikuja huku nikiwa na miaka 19, baada ya kushinda bahati nasibu ya viza ya Marekani. Siku naondoka Amu nilimwambia kila mtu kwamba nakwenda kusomea udaktari. Kosa langu la kwanza ni hilo la kumwambia kila mtu.

Sasa niko mwaka wa sita chuoni na hata digrii ya kwanza sijaipata. Nilianza kwenye chuo cha jamii, vile vya miaka miwili, huku nikifanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, usiku tatu kwa wiki, saa 12 kila usiku. Kiingereza cha darasani kilinishinda, na mara nyingine nililala mwalimu akiwa anafundisha. Krediti 24 za mwanzo nilizipata kwa wastani wa 2.1 kati ya 4. Kisha baba akafariki. Alizikwa siku ileile baada ya alasiri, mimi nikafika siku ya nne. Boti ya kutoka Manda iliponishusha gatini hapakuwa na mtu wa kunipokea, kwa kuwa miaka yote aliyekuwa akija kupokea watu ni baba. Nikakaa na mama mpaka eda ikaisha, miezi minne na siku kumi. Masomo matatu niliyokuwa nayo muhula ule nilijiondoa. Kwenye transkripti, ile karatasi ya alama za chuo, yameandikwa W, W, W.

Niliporudi nilihamia chuo kikuu na krediti zangu. Huku nimepata krediti 70 kwa wastani wa 3.6, masomo mawili matatu kwa muhula kwa sababu ya kazi. Zimebaki 26 nifike 120 za digrii.

Nyumbani mambo ni mazito. Mwenzangu tuliyekaa naye dawati moja alikwenda chuo kikuu Nairobi moja kwa moja kutoka kidato cha nne. Mwaka jana amemaliza, sasa ni intani. Mama hushona kofia za mkono na hanisemi, lakini kila Ijumaa tukizungumza lazima amtaje yule. Nyanya huchukua simu na kuuliza, "Daktari yu wapi?" Na ami ameleta habari ya posa, akasema afadhali niolewe maana udaktari wenyewe hauonekani.

Nina maswali matatu. Vyuo vya udaktari vitamchukua mtu aliyetumia miaka sita na zaidi kwa digrii ya miaka minne? Muhula ujao nataka kuchukua krediti 18, pamoja na kemia ogani ya pili, fizikia na baiokemia, ili nimalize haraka. Ni sawa? Na kuna dada mmoja hapa ananishauri nisikitaje kabisa kile chuo cha kwanza, niombe kwa alama za chuo kikuu peke yake. Nimsikilize?

Mwana wa Langoni

JIBU

Marahaba, mwanangu, na Mungu amrehemu baba. Naanza na swali la mwisho kwa sababu hilo ndilo linaloweza kukufungia mlango. Hayo mengine yanatengenezeka.

Chuo cha kwanza usikifiche. Fomu ya AMCAS, ambayo ndiyo inayopeleka maombi kwenye vyuo vingi vya udaktari Marekani, inataka utaje kila chuo ulichowahi kujiandikisha baada ya sekondari, hata kama uliingia darasani wiki mbili ukatoka, na transkripti zao zifike. Mwisho unathibitisha kwamba yote uliyoandika ni kweli. Tena wewe ulihama na krediti zako, kwa hiyo habari za chuo kile zimo tayari kwenye karatasi za chuo kikuu. Ukigundulika umeruka, unachunguzwa, na vyuo ulivyoomba vinaarifiwa. Kuna madaktari wengi tu walioanza na 2.1. Aliyeficha karatasi, mimi mwenyewe nisingemwachia wodi. Huyo dada mnywe chai naye, ushauri wake umrudishie.

Zile W tatu nazo zisikukoseshe usingizi. W haiingii kwenye wastani. Mimi ningetamani kuwa na W.

Mimi ni mtu wa Shela, Shela yetu ya Malindi, si ya kwenu ile yenye mchanga na wageni. Nilikwenda Minnesota mwaka 1989, na digrii ya kwanza ikanichukua miaka minane. Muhula mmoja zilikuja habari kwamba mama amelazwa, nikapanda ndege bila kumwambia mtu chuoni, wala sikujua kama kuna fomu ya kujaza. Niliporudi nilikuta F tatu zinaningoja. Nimekuwa daktari, nimezalisha wanawake ambao watoto wao sasa wanazaa, nimestaafu nikarudi nyumbani, na zile F bado zipo palepale kwenye karatasi.

Mwaka wa kwanza wa kuomba udaktari niliomba vyuo tisa, na vyote tisa vikanikataa. Nikajiambia ni ile miaka minane, watu wameiona wakacheka. Ilinichukua majuma kupata moyo wa kupiga simu kuuliza. Vyuo vingi havikunijibu. Kimoja alinipokea mama mmoja wa ofisini, mkali kidogo, akafungua faili langu nikisikia karatasi, akasema: "Faili lako lilitimia Oktoba. Wenzako walileta Juni." Basi. Habari ya miaka minane hakuigusa hata kidogo, mpaka nikamuuliza mimi. Akasema hilo halimhusu.

Vyuo vingi vya kule havingoji maombi yote yafike ndipo viketi vichague. Vinachagua huku vinapokea, kama kununua samaki gatini: anayekwenda alfajiri anapata changu na tewa, anayekwenda saa saba mchana anaachiwa vichwa. Mwaka uliofuata nilipeleka Juni, alama zilezile, F zilezile, nikapata vyuo viwili. Kumbe kilichoniangusha ni miezi minne, si miaka minane.

Kwa hiyo swali lako la kwanza jibu lake ni ndiyo, huwachukua. Siku hizi wengi wanaoanza udaktari Marekani wamekaa angalau mwaka mmoja nje ya masomo kabla ya kuanza, na mtu wa miaka 28 au 30 darasani si kioja. Wanachokisoma ni mwelekeo. AMCAS hupanga wastani wako mwaka kwa mwaka, na masomo ya sayansi na hesabu huyawekea wastani wake peke yake, kwa hiyo msomaji ataona ulianza wapi na sasa uko wapi. Kutoka 2.1 kwenda 3.6 ni mstari unaopanda. Kazi yako iliyobaki ni kutouvunja.

Na hapo ndipo nakataa zile krediti 18. Nimepiga hesabu yako nyuma ya bahasha ya bili ya umeme. Krediti 24 kwa 2.1 ni pointi 50.4. Krediti 70 kwa 3.6 ni 252. Jumla 302.4, gawanya kwa 94, unapata kama 3.22. Sasa tuseme hizi 26 zilizobaki zote upate A safi, yaani 4: utafika 3.39. Zote ukipata B, yaani 3: 3.17. Umeona? Hata ukijiua kwa kusoma huvuki 3.4, na usidanganywe kwamba ukirudia somo la zamani lile la mwanzo litafutika, maana AMCAS huhesabu yote mawili. Wastani wa jumla umeshakaa pale ulipokaa. Kitakachosemwa na muhula wako ujao ni kitu kimoja tu, kwamba ukipewa fizikia na baiokemia sasa, unaziweza. C mbili katika muhula huo zitasema huziwezi, na krediti nane zitakazobaki ni chache mno za kuwajibu.

Halafu hesabu ya saa. Krediti moja ni kama saa moja ya darasani na mbili za kusoma nje, kila wiki. Krediti 18 ni saa 54. Ongeza 36 za kazini, ni 90. Ukilala saa saba kwa siku ni 49. Wiki ina saa 168. Zinakubakia 29 za kula, basi, kuoga, kuswali, kufua na kumpigia mama. Chukua 13 na 13, mihula miwili. Ukiweza kupunguza usiku mmoja kazini, punguza.

Hili nalisema kwa sababu nililifanya, nami nikiwa na kazi kama yako. Nilikuwa na kadi za kemia ogani kwenye mfuko wa aproni, nikizisoma zamuni. Kulikuwa na mzee mmoja amepigwa na kiharusi, hajigeuzi, na kazi yetu ilikuwa kumgeuza kila baada ya saa mbili ngozi isife. Nilimlaza upande wa kulia saa sita usiku, nikakaa na kadi zangu. Niliposhtuka ilikuwa saa tisa na nusu. Zamu ya saa nane imenipita. Nilimgeuza, kwenye nyonga kulikuwa na doa jekundu upana wa kikombe cha kahawa. Nikalibonyeza kwa kidole. Ngozi nzima ukiibonyeza inageuka nyeupe kisha damu inarudi. Ile haikugeuka, ilibaki nyekundu vilevile. Nilimwita nesi na nikaandika saa kamili kwenye daftari. Doa lile lilichukua siku nyingi kuondoka, na kemia yenyewe nilipata C na kijumlisha chake.

Sasa sikiliza, maana hapa barua yako ilinishangaza. Hiyo kazi ya usiku umeitaja mara mbili, na mara zote mbili umeitaja kama mzigo. Wenzako darasani wanaomba kwa magoti wasimame hospitalini saa mbili kwa wiki wakigawa blanketi, ili waandike kwenye fomu kwamba wamewahi kukaa na wagonjwa. Wewe umewaosha, umewalisha, umewafumba macho. Saa 36 kwa wiki kwa miaka. Fomu ina nafasi 15 za kutaja shughuli zako, na tatu kati yake unaruhusiwa kuzieleza kwa kirefu. Hii iwe ya kwanza. Anza leo kuandika tarehe na saa, na mwombe nesi mkuu wako barua ya mapendekezo kabla hajahamia kwingine.

Insha kuu ina herufi 5,300 pamoja na nafasi. Usiijaze msiba. Ya kwangu ya mwaka ule wa vyuo tisa ilikuwa kilio mwanzo mpaka mwisho, nikiisoma leo naona haya. Kuna sehemu nyingine fupi, herufi 1,325, ya kueleza magumu yaliyokupata, na kifo cha baba na eda ya mama mahali pake ni hapo. Msomaji wa Marekani hajui eda, mweleze kwa sentensi moja. Na lile la gatini, kwamba hapakuwa na wa kukupokea kwa sababu mpokeaji alikuwa baba mwenyewe, liandike kama ulivyoniandikia, usiliongeze chumvi.

Nimesema miaka si neno, lakini kuna vitu vinavyochacha. Matokeo ya MCAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari, vyuo vingi huyakubali kwa miaka miwili au mitatu tu. Mtihani wenyewe ni kama saa saba na nusu pamoja na mapumziko, alama zake huanzia 472 mpaka 528, na usiende "kujaribu", kwa maana vyuo huona kila ulichopata. Vipo vyuo visivyotaka masomo ya sayansi ya zamani sana, hilo soma kwenye ukurasa wa kila chuo. Ruzuku ya Pell, ile ya serikali kuu kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, ina kikomo cha mihula 12 ya kusoma kamili kwa maisha yako yote, ingia kwenye akaunti yako ya msaada wa masomo uone umebakiwa na kiasi gani. W nazo, ingawa haziharibu wastani, ofisi ya msaada huzihesabu kama krediti ulizojaribu. Na kubwa kuliko yote, kuanzia 1 Julai 2026 mikopo ya serikali kuu kwa wanaoanza kukopa kwa udaktari ina mpaka: dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla, na ule wa Grad PLUS uliokuwa ukiziba pengo umefungwa kwa wakopaji wapya. Kwa hiyo unapochagua vyuo, tazama karo kabla ya jina. Shirika lenye AMCAS lina mpango wa kuwapunguzia gharama wenye kipato kidogo. Omba hiyo mapema, maana bei ya MCAT hupungua kwa aliyeshakubaliwa kwenye mpango huo.

Ningekuwa wewe ningemaliza Mei, nikakaa na MCAT bila darasa lolote, nikaufanya mapema mwaka unaofuata, nikapeleka maombi siku za kwanza za Juni. Anayepeleka Juni huanza Agosti ya mwaka unaofuata. Najua umeshtuka. Utakuwa na miaka 29.

Tatizo la nyumbani ni kwamba wanakuhesabia kwa kalenda ya Kenya. Huyo mwenzako alitoka kidato cha nne akaingia udaktari siku ya kwanza, miaka sita, kisha mwaka wa intani. Uliko wewe mlango huo karibu haupo. Karibu wote hupita digrii nyingine kwanza, kisha miaka minne ya udaktari, kisha mafunzo ya ubingwa ambayo kwa tabibu wa familia ni mitatu. Mama hajawahi kuelezwa hivyo, kwa sababu ulipoondoka ulisema "nakwenda kusomea udaktari", naye akaanza kuhesabu siku ileile. Mpigie siku isiyo Ijumaa, nyanya asiwepo, umpe hesabu yote mpaka mwisho na miaka yake, hata ile inayokuuma. Mama anayeshona kofia anajua kusubiri kitu akiambiwa ni kofia ya aina gani.

Posa hukuniuliza, lakini umeitaja. Nimeona wenzangu walioolewa wakiwa mwaka wa pili wa udaktari na walioolewa na mvi kichwani. Mwambie ami akuulizie huyo bwana kama anajua kupika daku peke yake mkewe akiwa zamu. Akijibu bila kucheka, tutaongea.

BARUA FUPI

Daktari, kijana wangu yuko Texas kwa viza ya mwanafunzi, anataka baadaye kusomea udaktari hukohuko. Fizikia imemlemea, anataka kuiacha abaki na krediti 9 muhula huu. Nimwambieje?

Mzazi, Malindi

Mzee wangu, asiiache kwanza. Mwenye viza hiyo katika digrii ya kwanza anatakiwa awe na krediti 12 kila muhula, na akishuka bila idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni anapoteza hadhi yake ya viza, hata kama sababu yake ni nzuri. Idhini itangulie, ndipo aache. Kuhusu udaktari hukohuko, jueni mapema kwamba vyuo vingi havichukui asiye raia wala mkaazi wa kudumu, mikopo ya serikali hapati, na baadhi ya vile vinavyochukua hutaka karo ya miaka kadhaa iwekwe benki kabla hajaanza. Hilo ni la kuzungumza likizo akija. La fizikia ni la leo. Mpigie ukishaswali Isha, kwao itakuwa karibu adhuhuri na ofisi iko wazi.